Usiulize Nani Ameharibu, Uliza Inalia Wakati Gani



Leo tunaongea juu ya gari ya watoto. Msicheke kwanza, mtaona tunafika wapi.

Watoto wa kambini kwetu, hapa Muyinga, wako na gari moja ya rimoti, ile ya magurudumu makubwa. Ilikuja ikiwa imeshatumika. Kila Jumamosi watoto wanapanga mstari kungojea zamu. Vumbi jekundu la huku mnalijua. Likaingia ndani, gari ikawa nzito, mwisho ikasimama kabisa. Sisi vijana wa kujitolea tukasema: tunaifungua. Tulitoa magurudumu, tukafungua boksi la giya, tukatoa mota, tukasafisha kila kipande kwa mswaki wa zamani, tukapaka grisi kidogo, tukafunga yote. Tukaweka betri. Gari ikaondoka! Watoto wakapiga makofi. Haikufika hata mita tano, ikaanza kulia krrrr, krrrr, kama mtu anasaga mahindi makavu.

Swali la kwanza kutoka kwa mkubwa mmoja aliyekuwa pale lilikuwa hili: "Nani ameharibu?"

Basi ikawa kesi. Huyu anasema mimi niligusa magurudumu tu. Yule anasema mimi nilishika bisibisi tu, nilikuwa namsaidia mwenzangu. Tukaambiwa kwamba kuanzia siku ile vijana wasifungue tena kitu chochote, fundi wa mjini ataitwa. Na mdogo wetu mmoja, wa miaka kumi na tano, akaacha kuja kabisa. Sababu yake tuliijua baadaye.

Maoni yetu ni haya: swali la "nani" ndilo linaloharibu vitu vyetu kuliko vumbi. Kambini mtu akiripoti kwamba kitu kinalia, yeye ndiye anageuka mshitakiwa. Kwa hiyo watu wanajifunza kunyamaza. Baisikeli inalia, tunapanda hivyo hivyo. Cherehani inalia, tunaongeza sauti ya muziki. Siku kitu kikikufa kabisa, tunasema "kimekufa chenyewe", na tunangojea msaada mwingine.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja fundi wa baisikeli. Yeye ni mwenyeji wa Buraza, kule Gitega, na anafanya kazi yake kando ya barabara, si mbali na kambi. Tulimpelekea gari tukiwa na haya. Akatuambia hajawahi kushika gari ya rimoti maisha yake yote. Lakini hakuuliza nani. Aliuliza: "Vijana wangu, inalia wakati gani? Ikisimama? Ikienda mbele? Ikikata kona?"

Tulitazamana. Hakuna hata mmoja aliyejua. Tulikuwa tumegombana siku nzima juu ya kelele ambayo hatujaisikiliza.

Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, bila waya. Gari yetu inatumia njia ile ile. Mawimbi yenyewe hayana kelele. Kinacholia ni chuma na plastiki vinapogusana vibaya, na hivyo vinaweza kutafutwa na mtu yeyote mwenye subira. Tulivyojifunza kwa Mzee, na kwa kujaribu wenyewe, ni hivi.

Kwanza toa ganda la juu, jaribu tena. Gari ikinyamaza, ganda lilikuwa linagusa tairi, kazi imekwisha. Ikiendelea kulia, zima, weka tofali chini ya gari ili magurudumu yasiguse chini, kisha uyazungushe kwa mkono polepole. Ukisikia "tak" moja kila gurudumu likimaliza mzunguko, tafuta kwenye gurudumu lenyewe au ekseli yake. Mara nyingi ni uzi au nywele zimejiviringisha. Zikiwa "tak tak tak" nyingi za haraka, tafuta kwenye giya: jino limevunjika, au kijiwe kimekaa katikati ya meno.

Pili, angalia giya ndogo ya mota inavyokutana na giya kubwa. Zikibanana sana, gari inalia kwa sauti nyembamba na mota inapata moto. Zikiachana sana, meno yanarukana na kusagana. Kipimo chake ni kipande cha karatasi ya daftari. Kiweke katikati ya giya mbili, sukuma mota isogee, kaza skrubu, halafu zungusha ili karatasi itoke. Ikitoka imekunjikakunjika bila kuchanika, uko sawa.

Tatu, sikiliza kona. Ikilia kwenye kona tu, tazama difu na vile vijiti vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Na kama gari imesimama lakini inanguruma kama nyuki, ile mota ndogo ya usukani inalazimisha kitu kilichobanwa. Legeza kwanza, usilazimishe.

La mwisho ndilo kubwa: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukigusa vitu vitano kwa mara moja, hata ukipona hujui dawa ilikuwa ipi.

Tukafuata hivyo. Ganda, siyo. Magurudumu, siyo. Karatasi ikatoka vizuri. Tukatoa giya kubwa kabisa, mota ikazunguka peke yake: krrrr! Tukasema basi, mota imekufa. Mzee akatuambia tuifungue kutoka mahali pake na tuiwashe ikiwa mkononi. Ikazunguka kimya kabisa. Ikiwa imefungwa inalia, ikiwa mkononi hailii. Mzee akaomba zile skrubu mbili zilizokuwa zinaishika. Akazilaza kwenye kiganja. Moja fupi, moja ndefu.

"Hizi hazikuzaliwa pamoja," akasema.

Kumbe skrubu ndefu ilikuwa inaingia mpaka ndani ya mota na kugusa sehemu inayozunguka. Tungeendelea kuichezesha hivyo, ingekata nyaya za ndani na mota ingeungua. Hapo tungesema gari mbovu, au watoto wabaya.

Sasa ile fupi nyingine iko wapi? Ilikuwa mfukoni mwa mdogo wetu. Aliiokota chini baada ya sisi kufunga, akaona pia tundu moja kwenye mfuniko wa boksi halina skrubu. Alijua kuna kitu hakiko sawa kabla yetu sote. Lakini alisikia lile swali la "nani", akaogopa kuitwa mwizi au mharibifu. Akanyamaza, na akaacha kuja. Tulipomfuata nyumbani kwao alilia kabla hatujasema neno. Na aliyeweka skrubu ndefu mahali pa fupi hakuwa yeye. Alikuwa mmoja wetu, mkubwa, tena yule aliyesema kwa sauti kwamba watoto wasiguse vifaa.

Tulirudisha kila skrubu mahali pake. Gari inatembea, watoto wanagombania zamu kama kawaida. Lakini sisi hatukuisahau ile hofu ya mdogo wetu, na ndiyo imetufanya tuandike.

Kwenu vijana wenzetu: mkifungua kitu, pangeni skrubu kwenye kitambaa kwa mpangilio wa kutoka, au chukueni picha kwa simu. Kikibaki kipande kimoja baada ya kufunga, anayekileta mbele apewe asante, siyo maswali. Na kelele baada ya kutengeneza isiwape aibu. Kitu kinawaambia kazi bado kidogo.

Kwenu ndugu wafanyakazi: tunajua mnaogopa vitu kuharibika, na mnatoa hesabu kwa wakubwa wenu. Lakini ukimkataza kijana kufungua gari ya watoto, hutampata wa kufungua cherehani wala pampu kesho. Mafunzo ya siku tatu na cheti ni vizuri. Sisi tunaomba na bisibisi za saizi mbalimbali, kopo la skrubu, meza moja, na ruhusa ya kukosea kwenye vitu vidogo. Kukosea kwenye gari ya rimoti ni bei ndogo. Kukosea kwa mara ya kwanza kwenye pampu ya maji ya watu wote, hiyo ndiyo hasara.

Na kijana akija kwenu kusema "kile kitu kinalia", tunawaomba mshike swali la Mzee wa Buraza. Muulizeni inalia wakati gani. Mtashangaa ni mambo mangapi alikuwa anayajua na hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wetu amerudi. Sasa kopo la skrubu analitunza yeye.