Usiinunue Kabla Haijapoa

NJIA YA SAKE
Na Bauma Furaha

Kijana anayetafuta pikipiki ya kwenda nayo Masisi au Walikale ana njia mbili. Akitaka mpya, atapata TVS au Boxer ya Kihindi, ya mipigo minne, inayokunywa petroli kidogo na ambayo kila fundi wa Goma anaifungua bila kufikiri. Akitaka kuukuu, nyepesi na ngumu, mara nyingi ataonyeshwa Yamaha: AG 100 yenye keria mbele na nyuma, au DT 125 ndefu ya milimani. Ndizo tulizozoea kuziona chini ya mapadri, waganga wa mifugo na wauguzi wa zoni ya afya. Hizi ni za mipigo miwili, zile zinazounguza oili pamoja na petroli. Nazipenda, na sitamkataza mtu kuzinunua. Ninachokataa ni namna tunavyozinunua.

Tunazinunua kwa macho na kwa haraka. Muuzaji ameiosha, ameing'arisha, na ameingurumisha wee kabla hujafika. Mnunuzi anaizunguka, anabonyeza honi, anatazama kilomita kwenye saa ambayo kebo yake ilikatika zamani, anaizungusha kiwanjani mara moja, kisha fedha zinahesabiwa. Na fedha hizo si zake peke yake. Mama ana hisa zake kwenye AVEC, chama cha kuweka na kukopa cha kijijini, mjomba ameuza ndama, shemeji amekopesha dola zilizobaki. Injini ikishika njiani kabla ya Kashebere, pikipiki inalala kwenye matope na deni linarudi Sake kwa miguu.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni moja: muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda.

"Mkubwa, injini ina joto."

"Nimetoka kuileta kwa fundi sasa hivi, mdogo wangu. Wewe panda ujaribu."

"Asante, mkubwa. Acha ipoe kwanza, nitasubiri hapa."

Anayeuza kitu kizima hatachukia kungojewa. Anayeanza kukuambia kuna mteja mwingine anayekuja kutoka Kitshanga amekwisha kukujibu.

Ikishapoa, simama juu ya kiki taratibu, bila kupiga. Inapofika penye mgandamizo inapaswa kukubeba kidogo ndipo ishuke. Ikizama bila kukuzuia, segma zimekwisha au silinda imepanuka. Kisha fungua buji uitazame. Rangi ya chokoleti ni njema. Nyeusi yenye majimaji inasema oili au petroli imezidi. Nyeupe, iliyochomeka, yenye vipunje vidogo vya chuma kama jasho, inasema pisto imeanza kuyeyuka. Na ukikuta buji mpya kabisa kwenye pikipiki kuukuu, omba ile ya zamani.

Sasa iwashe, utazame moshi. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu wanaipima kwa akili ya TVS. Moshi mwepesi wa buluu wakati wa kuamka ni kawaida ya injini hii, maana oili inaungua humo ndani kwa mpango. Pikipiki isiyotoa moshi hata kidogo ndiyo ya kuogopa. Mwaka 1964 Yamaha ilianza kuweka pampu ndogo, iitwayo Autolube, inayonyonya oili kutoka tangi lake na kuipeleka penye injini, ili mwenye pikipiki asihangaike kuchanganya. Pampu hiyo ikifa, mafundi wengi huiondoa na kumwambia mwenye mali achanganye mwenyewe kwenye tangi la petroli. Hilo si kosa, ikiwa mnunuzi ameambiwa. Asipoambiwa, anatia petroli tupu ya chupa kutoka kwa Kadhafi, muuza petroli wa barabarani, anaondoka akifurahia injini isiyo na moshi, na kabla ya jioni pisto imeshikamana na silinda. Uliza waziwazi: pampu inafanya kazi au mnachanganya? Mnachanganya kiasi gani, na kwa oili gani? Ukijibiwa kwamba oili yoyote inafaa, hata ile ya lori, usiendelee na bei.

Sehemu inayofuata haionekani kwa nje, nayo ndiyo inayoua nyingi. Katika injini hii petroli, hewa na oili hupita kwanza chini ya pisto, humo humo inamozunguka krenki, ndipo hupanda juu kuungua. Chumba cha krenki lazima kizibwe kabisa, na kinazibwa na mipira miwili ya duara ambayo mafundi huiita spi, mmoja upande wa klachi, mwingine upande wa magneto. Wa klachi ukichoka, injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza: moshi mzito hauishi hata injini ikipata joto, na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini. Wa magneto ukichoka, injini inavuta hewa isiyotakiwa. Unaachia mafuta, nayo inaendelea kulia juu, haitaki kushuka. Nimesikia watu wakiisifu sauti hiyo, eti sikia ilivyo na nguvu. Ni sauti ya injini inayoelekea kuungua, kwa sababu hewa imezidi, na petroli inayobeba oili imepungua.

Ukiridhika, ipandishe mlima. Kutoka Sake huhitaji kwenda mbali, barabara ya Masisi inaanza kukwea mara moja. Beba mtu nyuma, isukume mpaka iteseke, isimamishe, izime, ngoja kidogo, uiwashe tena. Iliyoamka vizuri ikiwa baridi lakini inakataa kuamka ikiwa na joto ina ugonjwa wa segma au wa umeme wa magneto, na vyote viwili ni gharama. Ndiyo maana muuzaji wa pikipiki ya namna hiyo hupenda kuizungusha kiwanjani tu.

Kuna jambo ambalo ni letu sisi wa Kivu, na vitabu vya kiwandani haviwezi kulisema kwa niaba yetu. Pikipiki iliyokaa miaka kwenye malisho ya Masisi, juu ya mita 2,000, imezoea hewa nyembamba. Fundi mzuri wa huko huipunguzia petroli kwa kuiwekea jikleri ndogo kwenye karburateri, nayo inakwenda safi. Iteremshe sasa Walikale, msituni, chini ya mita 1,000, kwenye hewa nzito na joto. Hewa inayoingia inaongezeka, jikleri ni ile ile ndogo, injini inachemka. Katika mipigo minne utaona tu imekosa raha. Katika mipigo miwili utatoboa pisto. Kwa hiyo usiulize tu pikipiki ilikuwa ya nani. Uliza ilikuwa inaishi wapi, na kama jikleri imeguswa.

Iliyotoka Walikale nayo ina maradhi yake. Imevuka mito, imelala kwenye matope mpaka kwenye ekseli. Fungua kifuniko cha oili ya gia: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Angalia kutu ndani ya tangi kwa tochi ya simu. Inama chini ya shingo ya fremu na penye mkono wa gurudumu la nyuma, utafute alama za kuchomelea, kwa sababu mizigo inayopandishwa kwenye keria hizi haikupangwa na aliyezichora. 

Sasa karatasi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, maghala na ofisi za mashirika ya misaada yaliporwa. Mwezi Machi mwaka huo vita vilifika hadi Walikale-centre. Watu walikimbia wakaacha kila kitu, na vitu vilivyoachwa vilipata wenyewe wapya. Nakusihi, msomaji: linganisha namba ya fremu na ya injini na ile iliyoandikwa kwenye karata ya roze. Ukikuta namba imesagwa kwa tupa, rudisha funguo. Kisha kwaruza kwa ukucha chini ya tangi, mahali ambapo brashi haikufika. Chini ya rangi nyekundu au buluu iliyopakwa juzi huenda ukaona nyeupe, na gundi ya stika iliyobanduliwa. Pikipiki hiyo huenda ilikuwa ya shirika la misaada, ikibeba sanduku la chanjo. Kuna muuguzi anayetembea leo kwa miguu kati ya vijiji viwili, na mtoto anayengoja sindano ambayo haifiki kwa tarehe yake. Bei iwe nafuu kiasi gani, kuinunua ni kumlipa aliyeiba na kumwomba aibe nyingine. Najua wapo wanaosema wakiiacha wao atainunua mwingine. Ainunue yeye, wewe usiwe miongoni mwao.

Ikiwa namba zinalingana na injini imejibu vizuri, bado kuna swali linalopaswa kuamua bei. Fungua ekzosi pale inaposhika silinda, uzungushe kiki kwa mkono, umulike ndani kwa simu. Utaona ubavu wa pisto ukipanda na kushuka. Ukiwa laini, vizuri. Ukiwa na michirizi mirefu ya wima, injini hiyo imewahi kushika, na huenda itashika tena. Haimaanishi uikimbie. Silinda ya chuma cha kusubu inaweza kuchongwa na kutiwa pisto kubwa kidogo, kwa hatua za robo milimita, mpaka karibu milimita moja zaidi ya ile ya kiwandani. Baada ya hapo hakuna nyama ya kuchonga tena. Kwa hiyo muulize muuzaji, au fundi aliyeifungua mwisho, pisto iliyomo ni ya ngapi. Ikiwa ya kwanza au ya pili, toa gharama ya kuchonga na ya pisto mpya kwenye bei, na ujue kilomita 500 za mwanzo utaiendesha polepole, bila mzigo, oili ikiwa imeongezwa kidogo. Ikiwa ya mwisho, unanunua fremu na magurudumu. Mpe bei ya fremu na magurudumu.