MBEGU MPYA KATIKA UDONGO WENYE NJAA



Twaambiwa kila siku na wakubwa ya kwamba njaa ya Kitui na Makueni itakwisha mara mkulima atakapokubali mbegu mpya. Wengine nao wapiga kelele kwamba mbegu hizo ni sumu. Mabwana hawa wa pande mbili wamegombana tangu Novemba 2012, Serikali ilipopiga marufuku vyakula vya GMO, hata tarehe 3 Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri lilipoiondoa marufuku hiyo, na kesi zikafuata kortini. Miaka kumi ya ugomvi! Na katika wote hao, ni wachache mno waliouliza habari za udongo.

Sisi watu wa reli twaijua nchi ile. Njia ya zamani, na hii ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017, zote mbili zapita Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Wengi wetu ni wana wa huko, na baadhi ya wasio wa huko wameoa huko. Kila mvua za Oktoba zinapokaribia mshahara wetu hugawanywa: kodi ya nyumba, karo, na fedha za mbegu za kumpelekea mama. Kwa hivi jambo hili si la mkulima peke yake. Ni jambo la mshahara, na chama kina haki ya kulisema.

Kwanza tuseme lililo kweli. Hatuupingi utafiti. Stesheni ya Katumani, karibu na Machakos, ilitupa mahindi ya Katumani katika miaka ya 1960, mahindi mafupi yanayochanua kama miezi miwili tu baada ya kupandwa, hata yakawahi kukomaa kabla mvua haijatukimbia. Tena mkulima aweza kuchagua mbegu katika mavuno yake mwenyewe, asirudi dukani kila msimu kama afanyavyo mwenye kupanda haibridi. Nyumba nyingi zimekula muthokoi kwa sababu ya kazi ile. Na huko Kiboko, Makueni, yamejaribiwa mahindi ya kustahimili ukame katika mpango wa WEMA ulioanza mwaka 2008, kampuni ya Monsanto ikiwamo. Vema. Lakini hata mbegu ya kampuni kubwa haiwezi kula hewa.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walifanya kazi pamoja na wenzao wa Australia katika Machakos na Kitui. Walikuwa wakitafuta dawa ya ukame. Walichokiona ni kwamba katika mashamba mengi si maji peke yake yaliyokosekana. Udongo ulikuwa umechoka, hauna naitrojeni, hata mvua ikinyesha vizuri mmea hauna nguvu za kuitumia. Majani yanageuka manjano, hindi linatoa meno machache, nasi twasema, "Jua limetumaliza." Tena udongo ule mwekundu ukipigwa na mvua ya kwanza hufunga uso kama sakafu, na maji yote hukimbilia mto Athi au Tiva. Shauri lao likawa samadi, mbolea kidogo ya dukani ya kuiongezea nguvu samadi hiyo, na kuyashika maji shambani kwa matuta. Ripoti zikapigwa chapa. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Twauliza: ni mama gani wa Mutomo aliyesomewa ripoti ile?

Wapo wanaojibu kwamba mkulima wa Ukambani ni mzito wa kushika mambo mapya. Neno hili ni la zamani, nasi twalijua lilikotoka. Wakoloni walisema Wakamba wameiharibu nchi kwa ng'ombe wengi, wakazichukua ng'ombe ziuzwe kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha Liebig pale Athi River kikingojea nyama rahisi. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza watu kwenda Nairobi kukataa. Serikali ikalegeza kamba, ingawa yeye mwenyewe alihamishwa Lamu. Na nini kilifuata baadaye? Machakos ya zamani, Makueni ikiwamo ndani yake, ilikuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikuwa milioni 1.4. Mwaka 1994 Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu wakionyesha ya kuwa watu waliongezeka namna hiyo na mmomonyoko wa udongo ukapungua. Ulipungua kwa matuta ya fanya juu, kwa vikundi vya mwethya, akina mama wakiwa wengi kwenye majembe, na kwa fedha walizopeleka nyumbani watu walioajiriwa mbali. Hapo pafaa kusomwa mara mbili. Tuta la Ukambani limelipiwa na karani, na askari, na mfanyi kazi wa reli. Watu wazito hawafanyi hivyo.

Sasa tutazame mbolea. Mwaka 2023 mfuko wa ruzuku wa kilo 50 ulishushwa kuwa shilingi 2,500. Twashukuru. Lakini mama mwenye robo ekari ya mahindi, na nauli ya kuufuata mfuko huo bohari iliko mbali, afanye nini na kilo 50? Kule Niger wakulima wamefundishwa kutia mbolea shimo kwa shimo kwa kizibo cha chupa ya soda. Hapa ni gunia zima au mikono mitupu. Na mwaka 2024 ikaonekana kwamba mbolea isiyofikia kipimo ilikuwa imeuzwa kupitia bohari za NCPB. Fedha ya jasho imelipia vumbi! Wanasiasa walijibizana Bungeni, msimu haukurudi.

Wala tusisahau mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalipowaugunza watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Siku hizi Katumani kuna kiwanda cha Aflasafe, kinga ya kunyunyiza shambani juu ya ukungu huo. Hapa napo dawa ipo, na wanaoijua wako ndani ya ua.

Kwa hivi chama kitake mbolea ya ruzuku ifungwe katika mifuko ya kilo 5 na kilo 10, kwa bei ile ile kwa kilo. Kaunti zote mbili ziajiri mabwana shamba na mabibi shamba wa kutosha, wa kudumu, wenye pikipiki na mafuta, si wa kutembea na wageni tu. KALRO iyaandike yaliyopatikana Katumani na Kiboko kwa Kiswahili na Kikamba, na yasomwe barazani na sokoni. Na fedha zikitolewa kwa mbegu mpya, zitolewe pia kwa matuta na samadi, maana ukame wa 2020 hata 2022 umemaliza ng'ombe wengi waliokuwa wakiitoa samadi hiyo.

Matawi ya Emali, Kibwezi na Mtito Andei yaombwa kuandika ni umbali gani wanachama hufuata mbolea na ni kiasi gani hulipa nauli. Barua zimfikie katibu kabla ya mwisho wa Agosti, ili maneno haya yapelekwe Wote na Kitui kabla ya kupanda.