Mashauri ya Juma: Maji Matamu na Maji ya Chumvi Katika Mto Tana

Msomaji wa bara asikiapo habari ya mafuriko ya Mto Tana hudhani mara moja ya kuwa watu wa huko chini wana bahati mbaya, au ni wakaidi wasiotaka kuhama. Kila mara maji yapandapo, neno hilo husemwa afisini na katika magari ya abiria: "Mbona wanarudi tena pale pale?" Swali si la kipumbavu, walakini limeulizwa upande mmoja tu. Yafaa tuulize pia ni kitu gani kilichopo pale kinachowarudisha.

Mto huu hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukaenda mwendo wa maili zipatazo 600 mpaka Bahari ya Hindi. Chini ya Garissa nchi ni kavu, wala hapana mkulima awezaye kutegemea mawingu ya huko peke yake. Mvua inyeshayo Nyeri na Meru ndiyo mvua ya Wapokomo, ila huwafikia kwa njia ya mto, mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Tangu zamani maji yalikuwa yakipita kingo, yakatanda mashambani, kisha yakarudi nyuma na kuacha tope lenye rutuba. Na juu ya tope hilo mtu akapanda mpunga, mahindi na migomba. Vidimbwi vya kando vilijaa samaki. Waorma nao walileta ng'ombe wao wakati wa kiangazi, malisho ya kwingine yalipokuwa yamekwisha. Kumwambia mtu wa huko kwamba mafuriko yamekomeshwa kabisa ni sawasawa na kumwambia mkulima wa Kiambu kwamba mvua imekomeshwa.

Sasa tazama mambo yaliyotokea huku juu. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mwaka 1994 likamalizika bwawa la Ndakaini katika Mto Thika, ambao ni mkono mmojawapo wa Tana, ili kuwapa maji watu wa Nairobi. Faida ya kazi hizo haina shaka. Karani awashaye taa yake jioni na kufungua bomba lake asubuhi amekwisha kunywa na kutumia Mto Tana mara mbili kabla ya kufika kazini, wala hatusemi mabwawa yabomolewe.

Lakini mabwawa yamefanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Yameyapunguza mafuriko madogo na ya kadiri, yale yaliyokuwa yakilisha watu, wala hayakuyaondoa makubwa yauayo. Sababu yake ni nyepesi. Bwawa lenye nafasi humeza maji ya masika. Bwawa lililokwisha kujaa halina mahali pa kuyaweka, na yote yanayoingia hupita juu yakateremka. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua za El Niño za mwaka 1997, na tena mwishoni mwa mwaka 2023, na tena katika masika ya mwaka 2024, ambapo barabara ya Garissa ilikatwa na maji, na mashua ya abiria ikapinduka karibu na mji huo watu wakafa maji. Zaidi ya hayo, miaka ikipita bila maji kupanda, watu husogea chini wakajenga mahali ambapo mababu zao walilima tu na hawakulala.

Tope nalo hubaki bwawani. Hasara hiyo haina kelele kama ya mafuriko, lakini ni kubwa, maana nchi yote ya mdomo wa Tana imejengwa na tope la mto. Ikikosa kuongezewa, bahari huanza kuichukua.

Hapo twafika kwenye habari ambayo haijulikani sana bara, nayo ni habari ya chumvi. Karibu na Kipini, katika vijiji kama Ozi, wakulima wa mpunga wana ujuzi wa kustaajabisha. Bahari ijaapo huusukuma mto urudi nyuma; maji matamu, yakiwa mepesi kuliko ya chumvi, huinuka, yakaingia katika mifereji na kunywesha mashamba; bahari ipwapo, yakatoka. Hapana mashine wala mafuta. Mwezi na mto hufanya kazi yote, na mkulima husimamia mifereji yake tu, akijua siku za bamvua na siku za maji mafu kama karani ajuavyo tarehe ya mshahara.

Ujuzi huo wote unategemea jambo moja, nalo ni kwamba mto uwe na nguvu ya kuizuia bahari. Mto ukiwa dhaifu, kinachoinuka na kuingia mferejini ni maji ya chumvi. Mpunga huwa manjano na kukauka, visima hubadilika ladha, na ardhi iliyokwisha kunywa chumvi haiponi mpaka ioshwe kwa maji matamu mengi. Hivyo ndivyo baadhi ya mashamba ya Ozi yalivyoachwa. Bahari yenyewe nayo haisimami pale pale. Wataalamu wamepima ya kuwa usawa wa bahari duniani uliinuka kadiri ya inchi 8 kati ya mwaka 1901 na 2018, na sasa waenda kwa kasi kuliko zamani. Inchi 8 ni kidogo kwa mtu wa Limuru. Katika nchi tambarare kama ile ni shamba zima.

Kwa kulinganisha, mtu aende Malindi. Mto Sabaki hauna mabwawa makubwa kama yale ya Tana, nao huteremsha udongo mwingi kutoka mashamba ya Ukambani na nchi za juu. Huko shida ni kinyume: mchanga umejazana ufuoni, bahari ikawa mbali na majengo yaliyokuwa karibu na maji, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968 hufunikwa na tope. Mto mmoja una njaa ya udongo na mwingine umeshiba kupita kiasi, nao hawako mbali. Mkulima wa Machakos achimbaye matuta shambani mwake anaokoa udongo wake mwenyewe, na pia samaki wa mtu asiyemjua.

Wengi husema dawa ni kupanda mikoko. Ni kweli ya kuwa mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope, lakini ipandwe kwa akili. Mlilana husimama mbele kabisa baharini. Mkoko wenyewe hufuata, kisha muia na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali huku nyuma. Watu waendao na miche ya mkoko wakaichomeka yote mahali palipo wazi, ili wapigwe picha, hurudi mwaka wa pili wakakuta vijiti vikavu. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, kazi ya Mikoko Pamoja iliyoanza mwaka 2013 imefaulu kwa sababu wenyeji wenyewe hulinda msitu na kupata fedha za hewa ukaa, wakazitumia kwa maji na shule.

Kuhusu maonyo ya mafuriko, tuna neno moja. Kimo cha maji ya Masinga hutangazwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. Mhandisi huelewa. Mama mwenye watoto na mbuzi huko Garsen anataka kujua maji yatamfikia siku gani, na yatapita alama gani katika mwembe ule aujuao. Maji huchukua siku kadhaa kutoka mabwawani mpaka chini, na siku hizo zatosha kuhamisha mbegu, vyakula na wazee, kama habari ikitolewa kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, na kutumwa kwa machifu mapema.

Nchi ya mdomo wa Tana, eka 400,000 na zaidi, iliandikwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye maji yanayostahili kutunzwa duniani. Mwaka huo huo Wapokomo na Waorma walipigana, na katika mapigano yaliyoendelea mpaka 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa. Siasa ilikuwamo, lakini ardhi na maji yaliyopungua yalikuwamo pia. Na sasa kwa miaka mingi limekuwa likitajwa bwawa jingine, High Grand Falls, litakalozidi Masinga kwa ukubwa. Wenye kulipanga wana nafasi ya kuandika katika mkataba wake, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kwamba maji yafunguliwe mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, kwa kadiri itakayofika Ozi. Wakulima wa huko waulizwe kadiri hiyo ni ipi, maana wao ndio wanaoijua.