Samaki Mpiganaji Katika Somo la Sayansi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la nne tukitazama somo la sayansi. Mwanachuo alikuwa ameleta chupa ya jamu yenye samaki mmoja mwekundu, wa aina ile iitwayo samaki mpiganaji, ambaye asili yake ni Thailand. Akasogeza kioo karibu na chupa. Mara samaki akatandaza mapezi, akafungua vifuniko vya matamvua, rangi yake ikaiva. Watoto wakapiga makofi. "Amefanya nini?" akauliza mwalimu. "Amekasirika!" Jibu likaandikwa ubaoni, na somo likaisha pale ambapo, kwa maoni yetu, lilipaswa kuanza.

Hakuna mtoto aliyeona hasira. Waliona mapezi, vifuniko na rangi. Hasira wameiongeza wenyewe, na mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili huwazoeza kukisia badala ya kuchunguza. Angaliuliza: kioo kikiondolewa, samaki hukunja mapezi baada ya muda gani? Karatasi nyekundu ikiwekwa badala ya kioo, atafanya nini? Kioo kikirudishwa mara ya tano, atatandaza upesi kama mara ya kwanza? Samaki huyu akionyeshwa sura yake mara nyingi mfululizo, mwitikio wake hupungua, na jambo hilo watoto wangaliweza kuligundua kwa kuhesabu tu. (Kioo kisiachwe hapo zaidi ya dakika moja au mbili, kwani zoezi hili humchosha.)

Lipo kosa la pili, nalo ni ile chupa. Samaki huyu ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Ndiyo maana hafi upesi katika maji machache yaliyopungukiwa oksijeni, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba chupa yamtosha. Kutokufa si kustawi. Maji machache huchafuka upesi na kupoa upesi usiku, ilhali yeye ni wa maji ya vuguvugu, nyuzi 24 hadi 28. Tunashauri chombo cha lita 15 au zaidi, chenye mimea na kifuniko, maana huruka.

Hata sifa yake ya ukali yategemea sana chombo. Katika vinamasi na mashamba ya mpunga, dume aliyeshindwa hukimbia na pambano likaisha; ndani ya chupa hana pa kukimbilia. Tena Wathai waliwazalisha kwa vizazi vingi wakichagua wakali, kwa ajili ya michezo ya kamari. Kwa hiyo madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe. Na dume huyohuyo hutengeneza kiota cha mapovu juu ya maji, huokota mayai kwa kinywa na kuyaweka humo, huyalinda mpaka yaanguliwe baada ya siku moja au mbili, na kifaranga akianguka humrudisha. Sasa ubaoni tuandike neno gani?

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya mbali asisikitike kwa kukosa samaki wa dukani, wala aliye naye asimwachie mtoni, kwani si wa mito yetu. Perege jike huatamia mayai kinywani. Kambare naye huvuta hewa. Awekwe kwenye ndoo pana kwa kipindi kimoja, na watoto wahesabu ni mara ngapi hupanda juu kwa dakika kumi, asubuhi na tena adhuhuri maji yakiwa yamepata joto.