Ajali ya Mtoto Barabarani Tusiiite Mapenzi ya Mungu



Mtoto anapogongwa na gari akafa, maneno yanayosikika mara nyingi msibani ni haya: "Ni mapenzi ya Mungu." Twayasema ili kumfariji mama aliyefiwa, wala hatuna nia mbaya. Lakini sisi wauguzi, ambao huwapokea watoto hao wangali na pumzi, twaona kwamba maneno hayo yametulaza usingizi. Malaria hatuiachi iue watoto kwa kuiita mapenzi ya Mungu, twatundika chandarua. Kipindupindu kikiingia, twachemsha maji na kuchimba vyoo. Ajali nayo ina visababishi vyake, na ina kinga yake. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wa namna hiyo hatuwezi kuunyamazia.

Sisi wa Igoma tunalo fundisho karibu na nyumba zetu. Hapa wamelala ndugu zetu wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mara zote mbili tulilia, na mara zote mbili tuliuliza: kwa nini walipakia kiasi kile? Swali hilo hilo yatupasa tujiulize kila asubuhi tunapomsukumia mtoto ndani ya gari la shule ambalo watoto wamekaa watatu katika kiti cha wawili, na wengine wamesimama.

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, gari la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia katika korongo huko Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa watu 35: wanafunzi 32 wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio, walimu wawili na dereva. Tarehe 12 Aprili 2024, hapo hapo Arusha, gari lingine la shule lilisombwa na maji ya mafuriko, watoto wakapoteza maisha. Katika mvua, mteremko na maji yapitayo juu ya barabara, dawa ni moja: kwenda polepole, au kusimama kabisa. Mtoto akichelewa shule ataandikiwa kuchelewa, basi.

Wazazi wenzetu, hapa tuseme ukweli hata kama unauma. Mzazi anayechagua gari kwa kuangalia nauli peke yake anashiriki kulijaza gari hilo. Kabla ya kulipa, nenda ukalione. Hesabu viti, kisha hesabu watoto. Uliza kama kuna mtu mzima wa pili, si dereva peke yake, wa kuwashusha watoto na kuwavusha barabara. Uliza nani anawahesabu wanaposhuka, maana mtoto mdogo aliyesinzia kiti cha nyuma akifungiwa ndani ya gari juani anaweza kufa kwa joto. Na mtoto akianza ghafla kukataa kupanda gari, msimchape. Mkalisheni, mwulizeni kwa upole kuna nini. Pengine dereva anakimbiza, pengine kuna jambo baya zaidi ambalo mtoto anaogopa kulisema.

Lakini watoto wengi wa Igoma hawapandi gari la shule. Wanatembea. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita katikati yetu, na malori, mabasi, daladala, bajaji na bodaboda vyote vinagombea nafasi na mtoto wa darasa la kwanza. Tena huku kwetu jua huchelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam, ingawa saa zetu ni zile zile. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, na mtoto yuko njiani. Shati jeupe lingemsaidia kuonekana, lakini limefunikwa na sweta la rangi nzito. Basi, mvalisheni shati juu ya sweta mpaka afike shuleni, au mfungeni kitambaa cheupe begani. Haigharimu kitu.

Tuelewe pia kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungua kimo. Kabla ya kufikia umri wa miaka tisa au kumi hivi, hawezi kupima vizuri gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Akiuona mpira au rafiki yake ng'ambo, mawazo yote yanakwenda huko. Kwa hiyo kumwambia tu "uwe mwangalifu" hakutoshi. Tembea naye njia yake yote siku kadhaa, umwoneshe pa kuvukia. Mfundishe kutembea upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Akishuka kwenye daladala asivuke mbele yake wala nyuma yake. Angoje iondoke kwanza, aone pande zote mbili. Na wale wanaopakia watoto mishikaki kwenye bodaboda, watatu au wanne bila kofia ngumu, tuwakatalie, hata kama dereva ni jirani yetu.

Upo ushahidi kwamba jitihada hazipotei bure. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilirekebisha njia kuzunguka shule kadhaa: matuta, alama za kuvukia, njia za waendao kwa miguu na vizuizi vya kutenganisha watoto na magari. Watafiti walipolinganisha na shule ambazo hazijafanyiwa hivyo, waliona majeruhi wamepungua kwa asilimia 26. Hayo ni matuta na rangi, si mitambo ya gharama kubwa. Kamati za shule na serikali za mitaa zetu zinaweza kuyadai.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu nazo zisingoje. Jumuiya yenye familia kumi na tano inaweza kupanga zamu: kila asubuhi mzazi mmoja awakusanye watoto wa jirani na kuwavusha barabara kuu wote pamoja. Zamu itamfikia kila familia mara moja tu katika wiki tatu.

Ajali ikitokea, tafadhali msimnyanyue mtoto kwa kumvuta mikono na miguu. Watu watatu au wanne wamwinue pamoja, kichwa na shingo vikiwa katika mstari mmoja na mwili, wamlaze juu ya ubao. Damu inayotoka ikandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji wala soda, kwani huenda akahitaji upasuaji. Mmoja ampeleke hospitali mara moja, mwingine aende polisi kuchukua PF3. Mtoto asingojeshwe barabarani kwa ajili ya karatasi. Na yule aliyegongwa akainuka na kutembea, mwangalieni mchana na usiku. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au akilalamika tumbo, mleteni hospitali bila kukawia.

Kanisa halikulinyamazia jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine kwa ulevi au kupenda mwendo wa kasi, iwe barabarani, majini au angani, ana kosa zito. Limewekwa chini ya amri ya tano. Basi dereva Mkatoliki aliungame kama anavyoungama dhambi nyingine, na sisi abiria tuache kumwambia "kanyaga twende".

Mungu ametukabidhi watoto hawa tuwalee na kuwalinda. Tumwombe awalinde njiani, nasi tufanye sehemu yetu.