Herufi za benki zinavyoamua safari ya fedha Dodoma

MWANAFUNZI wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayesubiri ada kutoka kwa ndugu aliye Ulaya, au mfanyabiashara wa mazao wa Kibaigwa anayetarajia malipo ya nje, huulizwa kwanza msimbo wa benki yake, maarufu kama swifti kodi. Hapo baadhi hukwama, wakihangaika kutafuta msimbo wa tawi la Dodoma.

Mara nyingi hangaiko hilo si la lazima. SWIFT, ushirika wa benki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, hausafirishi fedha bali ujumbe wa malipo, na msimbo ni anwani ya ujumbe huo. Herufi nne za kwanza hutaja benki, mbili nchi na mbili eneo. Tatu za mwisho, zikiwapo, hutaja tawi. Benki ya CRDB, kwa mfano, hutumia CORUTZTZ. Tatu hizo zisipoandikwa, ujumbe huelekezwa makao makuu, na namba ya akaunti ndiyo inayomfikia mteja wa Dodoma.

Aidha, Tanzania haimo katika mfumo wa IBAN unaotumika Ulaya. Mtumaji anayeidai atajaza msimbo wa benki na namba ya kawaida ya akaunti.

Dola nazo kwa kawaida hupitia benki wakala za Marekani, ambazo huweza kukata chao njiani. Ndiyo maana ada ya chuo huweza kufika pungufu, isipokuwa mtumaji awe amekubali kubeba gharama zote.

Hata hivyo, la kuogofya zaidi ni kwamba msimbo hutambulisha benki, si mwenye akaunti. Tapeli anayeingilia barua pepe na kubadili namba ya akaunti kwenye ankara hana haja ya kughushi msimbo; autakao upo wazi kwa kila mtu.

Hata benki kuu hazikusalimika. Februari 2016, wezi walituma maagizo ya SWIFT kwa jina la Benki Kuu ya Bangladesh, wakatoweka na dola milioni 81 zilizokuwa New York. Dola milioni 20 nyingine, zilizoelekezwa Sri Lanka, ziliokolewa baada ya neno moja lililokosewa tahajia kuzua shaka.

Mteja wa Dodoma hana jopo la wakaguzi. Alichonacho ni simu: kumpigia mlipaji kwa namba anayoijua na kumsomea namba ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu, kabla fedha hazijatumwa.