Anko, Umeme Naupenda, Hesabu Ndiyo Inanipiga Chenga!

Mzima wewe unayesoma huku umening'inia mlangoni mwa daladala? Basi leo habari za mapenzi tuziweke pembeni kidogo. Nataka nikusimulie habari za binti wa dada yangu, yuko mwaka wa kwanza, uhandisi wa umeme, pale Mlimani.

Jumapili iliyopita alikuja nyumbani kanuna. Chai haijapoa, akaniambia, "Anko, nadhani nitadisko." Kwa wewe usiyejua lugha ya chuo, kudisko si kucheza muziki. Ni kufukuzwa masomo kwa kufeli! Jaribio la kwanza la hesabu kapata 28 kwa 100.

Sasa ili umwelewe huyu mtoto, lazima ujue alikotoka. Dada yangu anauza barafu na juisi ya ukwaju, uswahilini kwetu hapa Dar. Friji moja ndilo lililowalea watoto wote watatu. Enzi hizo kila ikifika saa moja jioni taa zinafifia kama vibatari, friji linaunguruma kama linaumwa. Siku moja likanyamaza jumla. Fundi wa mtaani akaja, akasema kompresa imeungua, umeme mdogo. Wengine wakalilia barafu. Yeye, darasa la saba, akauliza, "Fundi, umeme mdogo maana yake nini?" Fundi akacheka tu.

Basi bwana, toka siku hiyo akawa anashinda kwa yule fundi, anashika tochi, anachomea waya za redio. Sekondari aliyosoma ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia, wakasoma kwa madesa ya kuazima. Akatoboa hivyo hivyo, akapiga PCM, akaingia chuo.

Nikamuuliza, "Haya, jibu la fundi umelipata?" Weee! Uso ukabadilika. Akachukua bahasha, akaanza kuchora. Transfoma ya mtaani inateremsha umeme kutoka volti 33,000 au 11,000 mpaka 400, na nyumbani kwako zinaingia 230. Lakini waya nao una ukinzani. Jioni kila mtu akiwasha pasi, jiko na feni, mkondo unaongezeka na volti zinapotea njiani. Nyumba ya mwisho kwenye laini inabakiwa na makombo.

"Tena Anko, mkondo ukiongezeka mara mbili, umeme unaopotea kama joto kwenye waya hauongezeki mara mbili. Ni mara nne!" Ndiyo maana wa masafa marefu husafirishwa kwa volti 220,000 hadi 400,000. Volti zikiwa kubwa, mkondo unakuwa mdogo.

Nikamtajia Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Akasema sawa, lakini umeme wa Rufiji hata uwe mwingi vipi haumsaidii mama wa barafu kama transfoma iko mbali na waya ni mwembamba. Yeye anautaka huo mwisho wa waya.

Hapa naomba niungame. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia abadili kozi. Baba yake mkubwa ameshamwambia hivyo, tena akaongeza eti mtoto wa kike atapandaje nguzo na gauni? Na mimi mwenyewe nilisoma PCM, nikaikimbia hesabu, ndiyo maana leo unanisoma hapa. Halafu nikaiona ile laptop mezani. Mama yake aliinunua kwa pesa ya mchezo, zamu yake ilipofika. Pesa ile ilikuwa ya friji jipya. Mpaka leo dada anagandisha barafu kwa jirani. Maneno yakaniishia.

Tukalifungua lile jaribio. Kumbe tatizo ni kukariri! Swali likigeuzwa kidogo tu, mtoto hoi. Nikamuuliza, "Zile redio kwa fundi ulikariri?" Akasema, "Hapana Anko, nilikosea mpaka nikaelewa." Nikamwambia basi, na hesabu ni hivyo hivyo. Mtihani wenyewe bado, na akianguka somo moja kuna sapu kabla ya kudisko. Amejiunga na wenzake wanne wa kupiga msuli pamoja, na ameahidi kuuliza maswali ya kijinga bila aibu, kama lile alilomuuliza fundi.

Jumatano kanipigia. "Anko, swali la tatu nimelielewa." Moja tu, lakini nilifurahi kama nimepokea mchezo mimi. Na wewe baba mkubwa, kama unanisoma, nguzo inapandwa kwa suruali na mkanda wa usalama!

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, maswali yenu yamejaa mezani. Tchao!